Hivyo vikokotoo vya tipu za Kilimanjaro viwe na masharti, na sisi wa mlimani tuyajue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu hii ishu ya tipu za mlimani, yani zile hela za shukrani wageni wanazotuachia safari ikiisha, manake naona wageni wanaelekezwa kila siku kwenye mitandao kwa Kiingereza, ila sisi tunaozipokea hamna anayetuambia chochote. Mimi ni mpishi wa Kilimanjaro. Nilianza kama mgumu, ndo tunavyomwita mpagazi huku mlimani, nikabeba mahema, nikabeba trei za mayai (anayedhani mayai ni mepesi aje ayapandishe ule ukuta wa mwamba wa Barranco Wall), baadaye ndo nikakabidhiwa sufuria. Kwa hiyo haya ninayoandika nayajua kuanzia chini.

Siku hizi mgeni kabla hajakanyaga Moshi ameshaingia intaneti kuuliza tipu ya Kilimanjaro ni kiasi gani, na zinamjia kurasa kibao, nyingine za makampuni yenyewe, nyingine za watu waliopanda mara moja wakarudi kwao wakaandika, na nyingine ni vikokotoo, sio kile cha mafao ya wastaafu jamani, hiki unaingiza idadi ya wageni na siku na njia mnayopita, kinakutolea namba. Sina ugomvi navyo. Kabla havijakuwepo ilikuwa mbaya zaidi, mgeni alikuwa anaotea tu, mwingine anavua kofia na miwani anagawa anaona kamaliza. Ugomvi wangu ni kwamba ile namba inatoka bila masharti ya kuitumia, au masharti yapo ila yameandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi, na ikitumiwa vibaya anayeumia sio mwenye tovuti.

Nianze na hili linaloleta kizaazaa kuliko yote. Kurasa nyingi zinaweka viwango vya siku, mwongozaji mkuu dola 20 mpaka 25, msaidizi wake 15 mpaka 20, mpishi 12 mpaka 15, mgumu 8 mpaka 10, zinapishana kidogo ila ni humo humo. Sasa hizo ni hela ambazo kundi zima la wageni linampa mfanyakazi mmoja kwa siku moja. Sio kila mgeni atoe hizo peke yake, na wala sio za wagumu wote wakagawane. Kuna wageni wanasoma kwamba kila mmoja alipe hivyo, wakipiga hesabu wanashtuka, wanaona hawa watu wanataka kutuibia, basi wanaamua kutoa wanachojisikia. Na kuna wanaosoma upande wa pili, wameona mgumu dola 8, wanafanya 8 mara siku saba wanapata 56, wanaziweka kwenye bahasha moja wanaandika juu "wagumu" na wameridhika kabisa moyoni, wakati wagumu wako kumi na wawili. Gawa hapo, haifiki dola tano kwa mtu, kwa safari nzima, kwa mtu aliyebeba kilo 20 za mzigo wa kampuni mpaka kambi ya Barafu na begi lake mwenyewe juu yake.

Ngoja nipige hesabu hadharani ili mtu asiseme naropoka. Wageni wanne, njia ya Machame, siku saba. Tuseme kuna mwongozaji mkuu mmoja, wasaidizi wawili, mpishi mmoja na wagumu kumi na wawili, hilo ni kundi la kawaida kabisa. Mwongozaji 20, wasaidizi 15 mara mbili ni 30, mpishi 15, wagumu 8 mara 12 ni 96. Kwa siku inakuja 161, mara saba ni 1,127. Gawa kwa wanne, kila mgeni anatoa kama dola 282 na mgumu anaondoka na 56 mkononi. Basi. Hapo hamna aliyeonewa na hamna aliyetajirika.

Sasa mchukue mgeni aliyekuja peke yake, njia hiyo hiyo, siku hizo hizo. Na yeye anahitaji mwongozaji, msaidizi, mpishi, na wagumu tuseme sita, manake jiko ni lile lile, hema la chakula ni lile lile, mtungi wa gesi haupungui uzito kwa sababu mlaji ni mmoja. Ni 98 kwa siku, kwa siku saba 686. Yule wa kundi la wanne katoa 282, huyu 686, na wote wamesoma ukurasa mmoja. Ndo maana nasema sharti la kwanza la kutumia hivi vikokotoo liwe kujua idadi ya wafanyakazi wako kabla hujaangalia namba yoyote. Mgeni aulize kampuni kabla hajalipia safari, nitakuwa na watu wangapi na kila mmoja anafanya kazi gani. Kampuni ikishindwa kujibu swali hilo, na tipu pia haitaeleweka huko mbele.

Halafu kuna zile kurasa zinazosema toa asilimia kumi ya bei ya safari. Hizo mimi naomba zifutwe tu. Nimewahi kumuuliza mgeni Mmarekani mtu mzima mwenye heshima zake kwamba hii asilimia mmeitoa wapi, akanieleza kwamba kwao mgahawani unaacha asilimia 15 mpaka 20 ya bili, na sababu yake ni kwamba sheria yao ya nchi nzima inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea tipu dola 2 na senti 13 tu kwa saa, tangu 1991 haijapanda, ingawa majimbo mengine yanalipa zaidi. Nikaelewa. Kwao asilimia inaleta maana kwa sababu mhudumu ni mmoja na bili ni moja. Mlimani haiingii. Safari ya dola 2,500, asilimia kumi ni 250. Kwa wale wanne inakuja 1,000, angalau imesogelea ile 1,127. Kwa yule wa peke yake ni 250 dhidi ya 686, yani watu tisa wanafanya kazi siku saba halafu wanapata theluthi na kidogo ya walichotegemea, na mgeni kaondoka anaamini kafuata mwongozo vizuri. Na ukiangalia zaidi, mgeni aliyenunua safari ya bei rahisi ndo anatoa tipu ndogo, wakati waliompeleka ndo hao hao wanaolipwa vibaya kuliko wote.

Na hapo kwenye bei rahisi ndo penye kidonda chenyewe, Mhariri, niache nikae hapo kidogo.

Mgeni wa nje anapolipia Kilimanjaro kuna hela ambazo zinakwenda hifadhini moja kwa moja hata kabla kampuni haijanunua nyanya. Kwa viwango tulivyozoea ni dola 70 kwa siku za kuingia hifadhini, dola 50 kwa usiku za kambi, dola 20 za uokoaji, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Machame siku saba, 490 na 300 na 20 ni 810, ongeza VAT inapita 950. Sasa ukiona mtandaoni kuna safari ya hiyo njia inauzwa 1,300, jiulize hizo 350 zilizobaki zinalipa nini. Chakula cha siku saba, gari ya kwenda na kurudi getini, mahema, gesi, na sehemu yake ya mishahara ya watu kumi na sita kama ni lile kundi la wanne, na mwenye kampuni naye hajaja mjini kuuza sura, anataka faida. Haitoshi hata ufanyeje. Inapokatwa ni kwetu. Nimefanya kazi sehemu (sitaji, wanajijua) ambapo tuliambiwa wazi kwamba mshahara ni kidogo ila wageni hawa wana tipu nzuri, yani tipu ikageuzwa kuwa mshahara, na wageni waliposhuka na kutoa kidogo tukarudi nyumbani na hela ambayo nauli na deni la duka vikaimaliza.

Kwa hiyo sharti lingine la kuandikwa juu kabisa kwenye hizo kurasa, na kwa herufi kubwa, ni kwamba hicho kiwango ni nyongeza juu ya mshahara. Mgeni aulize na mshahara pia. Sio siri ya jeshi hiyo. Na mgeni ajue nani kaandika ukurasa anaousoma, manake kampuni inayouza safari ndiyo hiyo hiyo inayomwambia tipu iwe kiasi gani, na mwenye duka hapo ana sababu zake. Wapo wanaoandika tipu ndogo ili safari nzima ionekane nafuu. Wapo wanaoandika kubwa ili mshahara usiulizwe. Wapo waaminifu pia, tena siku hizi wanaongezeka, sitaki kuwachafua wote.

Ukurasa uwe na tarehe. Nimeonyeshwa kwenye simu ya mgeni viwango ambavyo naapa ni vya enzi nikiwa bado nabeba mayai, na mgeni kavishikilia kama hati ya kiwanja.

Sasa tuje kwenye kugawa, ambako hata kikokotoo kiwe kizuri namna gani kinakufa. Mgeni kapiga hesabu vizuri, 1,127 zimetimia, anaziweka bahasha moja anamkabidhi mwongozaji mkuu asubuhi ya siku ya mwisho pale kambi ya Mweka, tunaimba, tunapiga makofi, picha zinapigwa, watu wanakumbatiana. Halafu? Bahasha inaingia mfukoni, tunaambiwa tutagawana mjini, mjini inafunguliwa ndani ya gari au kijiweni, na kila mtu anapewa alichopangiwa. Hakuna mgumu aliyesikia jumla. Akiuliza anaonekana mkorofi na safari ijayo haitwi. Hapo mgeni alikuwa na njia rahisi sana, aandike kwenye karatasi jumla ni hii, mwongozaji hivi, msaidizi hivi, mpishi hivi, kila mgumu hivi, halafu aisome kwa sauti mbele ya watu wote, mtu mmoja aitafsiri, ndo atoe bahasha. Au kila mtu na bahasha yake, ni kazi kidogo ila inafanyika, nimeiona ikifanyika na ilikuwa raha. Kurasa nzuri zinaeleza hili ila wanaliweka mwishoni kabisa, baada ya mambo ya soksi na krimu ya jua. Mimi ningelipeleka mwanzo.

Kuna na wagumu hewa. Wanisamehe waongozaji wazuri, ila mchezo huu upo na tunaujua wote. Wageni wanaambiwa mna wagumu kumi na wanne, wakati waliopanda ni kumi na wawili, tipu za wawili wasiokuwepo zinakwenda kwa anayejua. Dawa yake ni siku ya kwanza. Mgeni aombe atambulishwe kwa watu wote, awahesabu kwa macho, aandike majina, asisubiri siku ya mwisho ambapo amechoka na anawaza kuoga tu. Na akumbuke kwamba kwenye safari ndefu kama Lemosho au ile ya kuzunguka kaskazini, chakula kikipungua kuna wagumu wanateremshwa mapema, wengine wanapandisha chakula kipya katikati ya safari wanashuka. Hao sio hewa, hao walifanya kazi, na wanastahili tipu ya siku zao. Ila siku ya kugawa hawapo kambini, hawaimbi wala hawapigwi picha, na mara nyingi wanasahaulika. Hamna kikokotoo hata kimoja nilichoonyeshwa chenye sehemu ya kuingiza mtu aliyefanya kazi siku tatu.

Waongozaji watasema huyu mpishi ana wivu. Sina wivu. Usiku wa kilele mimi nimelala, wao ndo wanatoka saa sita ya usiku na mgeni anayetapika, wanampima oksijeni, wanambebea begi lake, wanamvuta hatua kwa hatua mpaka Stella Point kwenye ukingo wa kreta, na akizidiwa wao ndo wanaamua kumgeuza. Wapewe zaidi, na hivyo viwango vimeshampa mwongozaji mkuu mara mbili na nusu ya mgumu. Wakitosheka na hiyo tutaishi vizuri.

Kuhusu hela zenyewe nitasema haraka. Noti za dola zilizochanika, zilizoandikwa na kalamu, au za zamani za kabla ya 2006, mabenki mengi hayazigusi, na noti ndogo za dola moja moja wanazinunua kwa bei ya chini, hivyo mgeni anayemwaga noti hamsini za dola moja anafikiri katoa hamsini ila mgumu akienda kubadili inarudi pungufu. Na tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kuuza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mgumu hawezi kwenda na dola dukani wala shuleni kwa mtoto, lazima akabadilishe, na anakaa Kibosho au Rombo, nauli juu yake. Shilingi ni bora. Ila shilingi zinatakiwa zitolewe kabla ya kupanda, ATM nyingi zinatoa laki nne kwa mkupuo, na tipu ya kundi ni mamilioni, mgeni hawezi kukimbilia ATM jioni ya siku ya mwisho wakati watu wanasubiri gari ya kurudi vijijini. Hili kurasa zote zinaweza kuliongeza leo, ni sentensi mbili tu.

Nguo na viatu tunapokea na tunashukuru, mlimani buti zima ni uhai. Lakini buti lihesabiwe kama zawadi pembeni. Wagumu kumi na wawili mnapigiwa bahati nasibu ya jaketi moja halafu bahasha imepungua, hiyo hapana.

Na sisi pia tuna masharti yetu, nisije nikaonekana nawasema wageni na makampuni tu. Tipu hailazimishwi. Mgeni ambaye kwao hakuna mambo ya tipu, kama Wajapani, akitoa kidogo hajatutukana, pengine hakuna aliyemweleza mapema. Kuna vijana wanaanza kununa toka kambi ya tatu, wanamzungukia mgeni na habari za ada na mama mgonjwa, wengine ni kweli wana mama mgonjwa ila hapo sio mahali pake. Hiyo tabia ndo inawafanya wageni waandike vibaya wakirudi, na ukurasa unaofuata unashusha viwango. Mgumu mwenye malalamiko ya tipu aende ofisini kwa kampuni yake akiwa na ile karatasi iliyosomwa, ndo maana nasisitiza karatasi. Au aende kwa KPAP, wale wa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi, wapo toka 2003, wengi tunawajua kwa kuazimisha nguo za baridi bure ila kazi yao haiishii hapo, wanafuatilia pia kampuni zilizojiunga nao, mishahara na tipu zinafikaje kwa mgumu.

Sasa ombi langu lenyewe, Mhariri. Kila kampuni yenye ukurasa wa tipu kwa Kiingereza iweke na wa Kiswahili, namba zile zile bila kubadilisha hata senti, ili mgumu afungue kwenye simu yake aone mgeni kaambiwa nini. Wagumu wengi siku hizi wana simu janja, hata ya kioo kilichopasuka, na bando la kufungua ukurasa mmoja halimshindi mtu. Na pale getini Machame, Marangu, Londorossi, kuna mizani ambapo wahifadhi wanapima mizigo isizidi kilo 20, na imesaidia sana, zamani watu walibeba mpaka migongo ikapinda. Hapo hapo pembeni ya mizani pabandikwe karatasi ya lugha mbili, idadi ya wafanyakazi wa kundi, majina, na kiwango cha tipu ambacho kampuni imemwambia mgeni wake. Mgeni anasoma, mgumu anasoma, mwongozaji naye anajua kwamba wote wamesoma. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Kama kuna kampuni inaona hilo haliwezekani, naomba waandike kwenye gazeti hili hili watueleze ni kwa nini.

Ni mimi,
Mpishi wa mlima,
Pasua, Moshi.